Noah inalia, beringi hazina kosa

Juzi dada mmoja wa Kimara aliniletea Noah ile ya zamani, ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma.

"Shikamoo fundi. Nimebadilisha beringi za nyuma mara mbili na bado inalia." Akaniigia mlio wenyewe: uuuuu, kuanzia spidi 60.

Siulizi kwanza gari linalia wapi, maana sauti husafiri kwenye bodi ikadanganya masikio. Nauliza linalia lini. Likiwa limesimama, nikaweka N, gia huru, na kukanyaga mafuta: kimya. Injini haimo. Tukashika Barabara ya Morogoro kuelekea Mbezi. Kwenye 70 nikayumbisha usukani kidogo, kushoto, kulia. Ukikata kushoto uzito hulalia kulia, na beringi mbovu ya upande huo kwa kawaida huzidisha kelele. Hakuna kitu. Tairi lililolika mabonde nalo huvuma hivyohivyo, ila halijali kama umekanyaga mafuta au umeachia.

Nikaachia mafuta. Mlio ukawa mwembamba, kama filimbi. Nikakanyaga, ukarudi mnene.

Hiyo ni difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma. Meno ya krauni, gia kubwa ya humo ndani, na ya pinioni, gia ndogo inayoizungusha, hubeba upande mmoja gari likivuta, upande wa pili ukiachia.

Gereji nikafungua nati ya chini ya difu, ikamwagika oili ya rangi ya chai ya maziwa: imeingia maji.

"Dada, mvua ikinyesha unapita Jangwani kwenye mafuriko?"

"Sasa nipite wapi, fundi?"

Difu yenye moto ikizama ghafla kwenye maji, hewa ya ndani husinyaa. Kipumulio, kile kitundu cha kupitishia hewa, kikiwa kimeziba kama chake, maji hunyonywa kupitia sili, mipira ya kuzuia oili isivuje. Nikasugua ile oili vidoleni: vimeta vya chuma. Beringi za pinioni zilishachimbika.

Kufunga mpya ndipo kwenye kazi, na ndipo wengi wanapoharibu kwa kukaza nati ya pinioni kwa kukisia. Nilipaka rangi meno machache ya krauni, nikazungusha, nikatazama alama ya pale meno yanapogusana. Mara ya kwanza ikaangukia ukingoni. Nikafungua, nikabadilisha shimu, vile vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi ya gia. Mara ya tatu ndipo ikakaa katikati ya jino. Nikajaza oili ya gia namba 90, daraja la GL-5.

Kipumulio nimekiunganishia mpira mrefu, nikaupandisha hadi juu ya chesisi. Jangwani atapita tu.