"Hakuacha mtoto wa kiume, cheo kikafa naye": uongo ninaousikia kuhusu vyeo vya Uskoti

Mgeni niliyempeleka Kiambu mwezi uliopita alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa vitabu. Tulisimama kwenye makaburi ya kanisa la Mtakatifu Paulo, mbele ya kaburi la Josslyn Hay, yule ambaye wazee wa Nairobi wanamkumbuka kama Lodi Erroll. Akavua kofia, akatikisa kichwa. "Maskini," akasema, "aliacha binti tu. Cheo kikafa naye."

Alikuwa wa nne kuniambia hivyo mwaka huu. Wa tatu alikuwa mtu wa kutengeneza filamu, na yeye alikuwa ameshaiandika habari hiyo kabisa.

Kazi yangu ni kufuatilia nasaba za familia za walowezi. Wanaonijia kwa habari za Hay karibu wote wanataka usiku mmoja tu, wa kuamkia tarehe 24 Januari 1941: gari lake aina ya Buick limeingia shimoni kando ya barabara kule Karen, taa zinawaka, mwenyewe amepigwa risasi kichwani, na waliomkuta ni watu wa lori la maziwa, saa tisa za usiku. Sir Jock Delves Broughton, Mwingereza aliyehamia Kenya, akashtakiwa kwa mauaji hayo, Julai akaachiwa huru, na tangu hapo kila mtu ana mshukiwa wake. Sawa. Mimi swali langu ni jingine: kulipokucha, nani alikuwa Erli wa Erroll, yaani mwenye kile cheo cha kurithi alichokuwa nacho Hay?

Alikuwa Diana, bintiye, msichana wa miaka 15 aliyekuwa akilelewa Uingereza. Hakuomba, hakushtaki mtu, wala mfalme hakumfanyia hisani. Baba alipokata roho, yeye akawa Kauntesi (erli wa kike) wa Erroll, wa 23 katika mstari huo, na Konstebo Mkuu wa Uskoti, wadhifa ambao ukoo wa Hay unarithishana tangu Mfalme Robert Bruce alipompa Gilbert Hay mwaka 1314.

Hapo ndipo mwenzangu huniuliza: kwani kwa Wazungu si mtoto wa kiume ndiye mrithi?

Hakuna kitu kinachoitwa "kwa Wazungu". Vyeo vya Uingereza na vya Uskoti havikuzaliwa nyumba moja, na hata ndani ya Uskoti kila cheo kina hati yake. Anayerithi ni yule aliyetajwa na hati. Ukinijia na swali la mirathi ya cheo bila hati, unaniuliza bei ya nyumba ambayo hujui iko mtaa gani.

Cheo cha Erroll kilianzishwa karne ya 15, wakati wa Mfalme James wa Pili, kwa ajili ya William Hay. Vyeo vingi vya Uskoti vya zama hizo vilienda sambamba na ardhi. Mwenye shamba asiyeacha mwana, binti yake alirithi shamba. Na cheo nacho kikamfuata. Mabinti wakiwa wengi, cheo kilimwendea mkubwa wao. Uingereza kuna vyeo vya kale ambavyo mabinti huhesabiwa sawa, kwa hiyo cheo kinaning'inia hewani mpaka abaki mmoja au mfalme amchague mmoja, na kinaweza kuning'inia hivyo karne nzima. Waskoti hawakutaka usumbufu huo.

Na Diana hakuwa wa kwanza. Mwaka 1717 Charles Hay, Erli wa 13, alikufa bila kuoa. Cheo kikaenda kwa dada yake, Mary, naye akakishika miaka 41, mpaka 1758. Mary hakuacha mtoto. Akafuata James Boyd, mjukuu wa Margaret, ndugu yake Mary wa kike. Angalia vizuri njia hiyo: kutoka kwa Margaret kwenda kwa binti yake, kutoka kwa huyo binti kwenda kwa James. Wanawake wawili mfululizo. Baba yake James alikuwa Erli wa Kilmarnock, aliyekatwa kichwa London mwaka 1746 kwa kuwaunga mkono Wajakobo, waasi waliotaka kuurudisha ukoo wa Stuart kwenye kiti cha ufalme, na cheo chake cha Kilmarnock kikafutwa. Kijana hakupata kitu upande wa baba. Upande wa mama akapata Erroll, akaacha jina la Boyd, akajiita Hay.

Sasa rudi Kiambu. Yule aliyelala pale ni wa uzao huo wa James. Ukipanda naye kwa baba, babu, baba wa babu, hufiki kwa William Hay wa karne ya 15. Unafika kwa akina Boyd. Uhay wake aliupata kwa bibi zake. Kwa hiyo ndugu zangu mnaosimama kaburini na kumsikitikia kwamba hakuacha mwana: kama cheo kile kingekuwa cha wanaume peke yao, Josslyn mwenyewe asingekuwa Lodi Erroll hata siku moja. Mwalimu wangu nilipomweleza hivi alinyamaza, akavaa kofia yake, akaanza kutembea kuelekea kwenye gari.

Wenye bidii huwa na pingamizi moja, na ni pingamizi zuri. Wamesoma mahali kwamba baada ya kifo kile "cheo kilikwenda kwa mdogo wake". Ni kweli. Ni cheo kingine.

Mwaka 1831 Erli wa 18 wa Erroll alipewa cheo cha pili, Baroni Kilmarnock. Aliyempa ni Mfalme William wa Nne, ambaye alikuwa baba mkwe wake. Jina lilifufua kile kilichofutwa 1746, lakini faida ilikuwa ya kisiasa. Baada ya muungano wa Uskoti na Uingereza wa 1707, malodi wa Uskoti hawakuingia wote katika Baraza la Malodi, baraza la juu la Bunge kule London. Walichagua 16 miongoni mwao wakawawakilishe wengine. Aliyetaka kiti bila kuomba kura alihitaji cheo cha Ufalme wa Muungano, na Kilmarnock kilikuwa hicho. Hati yake ya 1831 ilitaja warithi wa kiume peke yao.

Ndiyo maana usiku ule wa 1941 mtu mmoja alikufa na vyeo vyake vikaachana njia. Erroll kikamshukia Diana. Kilmarnock kikamruka, kikatua kwa baba yake mdogo, Gilbert. Na Gilbert, mwaka huohuo, akaacha jina la Hay akarudia la Boyd. Msichana akabaki na ukoo wa Hay, baba mdogo akashika wa Boyd, na tangu hapo matawi hayo mawili hayajarudi kuwa moja. Diana akaolewa na Iain Moncreiffe. Alipofariki mwaka 1978, mwana wao Merlin akawa Erli wa 24, kwa jina la Hay, jina la mama yake.

Si Erroll tu. Mwaka 1963 Duke wa Sutherland alikufa bila mtoto. Cheo cha Erli wa Sutherland, cha kale, cha Uskoti, kikaenda kwa Elizabeth, binti wa mdogo wake. Cheo cha Duke, cha 1833, kikamtafuta mwanamume wa mbali kabisa katika ukoo mpaka kikampata. Tena suala la Sutherland lilikuwa limeshaamuliwa mwaka 1771, Elizabeth mwingine alipodaiwa cheo chake na wanaume wa ukoo. Wazazi wake walikufa yeye akiwa na mwaka mmoja tu. Baraza la Malodi likampa cheo, naye hajafikisha hata miaka saba.

Lakini usinielewe vibaya ukaanza kuwaandikia mabinti wote wa Uskoti barua za pongezi. Viko vyeo vingi vya huko ambavyo hati zake zinataja wanaume tu. Na mahali hati ilipopotea, watu wameumizana. Cheo cha Mar ni mfano. Mwaka 1875 Baraza la Malodi liliamua kwamba kilianzishwa 1565 na ni cha wanaume, kwa hiyo kikapewa Erli wa Kellie. Mpwa wa Erli wa Mar aliyekuwa amekufa, aliyedai kupitia kwa mama yake, hakunyamaza, na mwaka 1885 ikabidi Bunge litunge sheria kutamka kwamba kumbe viko vyeo viwili vya Mar, kimoja cha kale na kimoja cha 1565. Mpaka leo viko viwili. Mtu akikuambia "Erli wa Mar", muulize yupi.

Maneno mengine ninayoyasikia kuhusu vyeo nitayapitia haraka.

"Mwenye cheo ana ngome." Josslyn alipopata cheo mwaka 1928, baada ya baba yake, ngome ya Slains ilikuwa imeshauzwa tangu 1916 na babu yake, na aliyefuata akaiezua paa mwaka 1925. Ipo mpaka leo juu ya genge la bahari karibu na Cruden Bay, kuta tupu. Ile nyumba nyeupe ya Naivasha ambayo waongoza watalii wanaiita ya Lodi Erroll ilitoka upande wa mkewe wa pili, Molly. Cheo hakikumletea hata bati.

"Aliandika wasia akamwachia fulani cheo." Cheo hakigawiwi kwa wasia, wala mtoto wa kuasili hakirithi. Zamani kulikuwa na njia ya kukisalimisha kwa mfalme na kukipokea upya kwa hati yenye warithi wengine, lakini hiyo ni hati mpya, na milango ile ilishafungwa. Kukikataa inawezekana tangu sheria ya 1963: Alec Douglas-Home aliacha cheo cha Erli wa Home mwaka huohuo ili awe waziri mkuu kutoka Baraza la Makabwela. Hakukiua. Kilisubiri, na alipofariki 1995 mwanawe akakichukua.

"Mtoto wa nje harithi kamwe." Kwa Uingereza, ndiyo. Sheria ya Uskoti tangu zamani inasema wazazi wakioana baadaye, mtoto aliyetangulia anahalalika, na anaweza kurithi cheo. Ila soma yaliyomkuta John Bowes. Baba yake, Erli wa 10 wa Strathmore, alimwoa mama wa mtoto mwezi Julai 1820, akafa kesho yake. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Mawakili wakadai cheo kwa sheria ya Uskoti, na mwaka uliofuata Baraza la Malodi likawajibu kwamba marehemu makazi yake halisi yalikuwa Uingereza, kwa hiyo sheria ya Uskoti haikumhusu. Cheo na ngome ya Glamis vikaenda kwa baba mdogo. Mali za Uingereza mtoto akazipata, akaja kuzitumia kujenga jumba la makumbusho kule Barnard Castle. Cheo ni cha Uskoti, ngome ni ya Uskoti, na bado swali lililoamua kesi ni alikuwa akiishi wapi. Hili nawaambia sana wateja wenye babu aliyehamahama.

"Mimi ni lodi, nimenunua." Hili linaniudhi lakini nitajizuia. Kila Disemba kuna anayeletewa zawadi ya cheti: futi moja ya mraba ya ardhi Uskoti, pamoja na haki ya kujiita Lodi. Mmoja alikuja kwangu na cheti kwenye fremu, akitaka nimchoree nasaba ya kukisindikiza. Neno la Kiskoti lililo nyuma ya biashara hiyo ni "laird", maana yake mwenye shamba, na si cheo cha kabaila. Sheria ya Uskoti ya usajili wa ardhi ya 2012 inakataza kusajili vipande hivyo vya ukumbusho, na bila usajili huna umiliki. Lord Lyon, mkuu wa mahakama ya nembo za koo kule Edinburgh, haitambui ardhi ya namna hiyo. Vinavyouzwa kihalali ni vyeo vya baroni vya kimwinyi, ambavyo tangu tarehe 28 Novemba 2004 vimetenganishwa na ardhi. Lakini baroni wa namna hiyo hakuwahi kuwa mtu wa Baraza la Malodi. Daraja la chini kabisa la malodi wa Uskoti huitwa Lodi wa Bunge, na hicho hakina bei. Fremu yenyewe ilikuwa nzuri. Nilimwambia atoe cheti aweke picha ya mama yake.

"Kilichomo kwenye daftari la vyeo hakibadiliki." Mpaka 2016 hata mimi ningekujibu kwa tahadhari. Mwaka huo mahakama ya Baraza la Faragha kule London ilitoa uamuzi kuhusu cheo cha baroneti (cheo cha kurithi kilicho chini ya malodi) cha Pringle wa Stichill, cha mwaka 1683. Baroneti wa 10 alikuwa ametoa DNA yake kwa mradi wa kutafuta historia ya ukoo, kwa nia njema tu. Ikaonyesha hana damu ya baroneti wa 8, kwa sababu ya jambo lililofichwa vizazi viwili kabla yake. Alipofariki, cheo hakikwenda kwa mwanawe, kilikwenda kwa tawi jingine. Kwa hiyo siku hizi, familia yenye cheo ikinipigia simu kwamba binamu mmoja amenunua kile kipimo cha mate kinachotumwa kwa posta, huwauliza kwanza kama ameshakirudisha.