Mchungaji wa wodini naye ni mchungaji

Msimu wa michango ukifika, ujumbe ule ule huzunguka kwenye magrupu: mchungaji anayehudumu hospitalini, chuoni au gerezani ameacha wito na analipwa na serikali, msimchangie.

Si hivyo. Kuhamishwa kutoka usharikani hakumvui mtu daraja lake la uchungaji. Mkanganyiko unaeleweka: nchini Kenya, makasisi wa jeshi na magereza huvaa sare, wana vyeo na hulipwa na serikali. Wengine hulipwa na taasisi au dayosisi, na wapo wanaojitolea. Anayejitolea akiitwa wodini saa nane usiku, nauli huweza kutoka mfukoni mwake.

Uliza ofisi ya kanisa nani alimtuma na nani anamlipa. Kabla ya hapo, tafadhali usiusambaze ujumbe huo.