Maana ya kihisi cha mwali katika tanuri la gesi

Mtu wa pwani akisikia neno tanuri huwaza mkate, au mawe ya matumbawe yanayochomwa yawe chokaa. Katika nyumba za Minneapolis au Toronto, tanuri ni sanduku la bati linalokaa chumba cha chini ya ardhi, likichoma gesi na kusukuma hewa ya moto vyumbani, na wengi wetu tuishio huko huliita hita tu. Ndani yake mna kifaa ambacho wenye nyumba wengi hawakijui mpaka usiku wa Januari moto ukatae kukaa. Hicho ndicho kihisi cha mwali, na mwali hapa ni wa moto, si wa unyago.

Kihisi hiki ni ufito mwembamba wa chuma, mfano wa sindano ya kufumia, uliopachikwa kwenye kauri huku ncha yake ikisimama ndani ya moto. Kazi yake ni kuithibitishia bodi ya umeme inayoliendesha tanuri kwamba gesi iliyofunguliwa inawaka kweli, kwa sababu gesi isiyowaka ikiendelea kumwagika, nyumba inaweza kulipuka. Wengi hudhani kwamba hupima joto, lakini sivyo. Bodi hupeleka kwenye ufito umeme unaogeuka mwelekeo, na kwa kuwa mwali una chembe zenye chaji, umeme hupita ndani ya moto wenyewe hadi kwenye chuma cha kichomeo. Chuma hicho ni kikubwa kuliko ufito, hivyo umeme hupita kwa wepesi upande mmoja kuliko mwingine, na bodi hupokea mkondo wa upande mmoja, mdogo mno, wa mikroampea chache tu. Waya uliochubuka ukagusa bati ungepitisha umeme pande zote mbili sawasawa, kwa hiyo bodi haidanganyiki ikadhani kuna moto.

Kadiri miezi inavyopita, ufito hushika utando mwembamba usiopitisha umeme vizuri. Hapo tanuri huwa na tabia yake maalumu: feni ndogo ya moshi huanza kuvuma, kiwashio hung'aa, miali ya buluu hutokea, kisha baada ya sekunde chache vali inayofungua na kufunga gesi hulia “tak” na moto kuzimika. Litajaribu tena mara kadhaa, halafu litajifunga, na mengi hungoja saa nzima kabla ya kujaribu upya. Wakati huo taa ndogo kwenye bodi humetameta kwa hesabu fulani, na maana ya hesabu hiyo mara nyingi imebandikwa nyuma ya mlango wa sanduku.

Dawa yake ni nyepesi. Zima umeme wa tanuri, funga gesi, fungua skrubu inayoshika kihisi, kitoe kwa kushika kauri, sugua ufito taratibu kwa stilwaya laini, ufute kwa kitambaa kikavu na ukirudishe. Msasa mkali hukwaruza chuma, na mimi siutumii. Ikiwa kauri imepasuka, safisha usisafishe haitasaidia, kinunuliwe kipya.

Hata hivyo, si kila kuzimika kunatokana na kihisi. Moto ukikaa dakika kadhaa ndipo ukazimika, huku feni kubwa ikiendelea kupuliza, shuku kwanza chujio la hewa lililoziba vumbi, maana tanuri lisilopata hewa hupata joto kupita kiasi na swichi ya usalama hukata gesi. Moto usipotokea kabisa, katika matanuri yanayotoa moshi kwa mabomba ya plastiki, katazame nje kama theluji imefunika midomo ya mabomba. Lakini ukisikia harufu ya gesi, au king'ora cha kaboni monoksidi, ile hewa ya sumu isiyo na harufu, kikalia, usiguse skrubu wala swichi yoyote: toka na watu wako wote, upige simu ya dharura mkiwa nje.