Manowari ya Bomba Tatu: Dhana Potofu Kuhusu Königsberg na Mihuri Yake ya Posta

Watu wa pwani waliiita manowari na bomba tatu. Jina hilo lilitokana na kuitazama tu: dohani tatu zikifuka moshi mbele ya Dar es Salaam, mwanzoni mwa Juni 1914. Mimi hukusanya stempu na bahasha za zama hizo, na sijapata kipimo rahisi kuliko hicho. Kabla ya kuamini lolote unaloambiwa kuhusu manowari hiyo ya Wajerumani, SMS Königsberg, hesabu dohani.

"Meli iliyo kwenye stempu za zamani za Wajerumani ndiyo Königsberg."

Hili nimelisikia kwa wauzaji na kwa watu waliosoma sana. Shika stempu kubwa ya rupia, ile ambayo meli inaonekana kwa ubavu. Utaona milingoti mitatu na dohani mbili. Hiyo ni Hohenzollern, meli ya anasa ya Kaiser Wilhelm wa Pili, mfalme wa Ujerumani. Picha hiyohiyo ilipigwa chapa kwa makoloni yote ya Ujerumani, kuanzia miaka ya 1900 na 1901, wakati Königsberg haijajengwa. Yenyewe ilishushwa majini huko Kiel Desemba 1905, ikaanza kazi Aprili 1907. (Tangu 1905 thamani ndogo kwenye stempu hizo ziliandikwa Heller, na mia zilifanya rupia moja. Ndiyo asili ya neno letu hela.)

"Muhuri wa posta ya melini unataja jina la meli."

Laiti ingekuwa hivyo, kazi yetu ingekuwa nyepesi. Tangu 1895 manowari za Ujerumani zilikuwa na posta yao ndani, ikiendeshwa na wanamaji wenyewe. Muhuri wake wa duara unasema *Kais. Deutsche Marine-Schiffspost*, yaani posta ya meli za jeshi la majini la Kaiser, kisha No. na tarakimu, basi. Namba hiyo ilipewa meli moja leo na ikaweza kuhamia nyingine baadaye, kwa hiyo namba bila tarehe haikuambii kitu. Kinachotaja jina ni muhuri mwingine, wa ofisi ya meli, unaogongwa pembeni mwa bahasha ukiwa na S.M.S. na jina. Ukiikuta mihuri yote miwili kwenye bahasha moja, tarehe zikapatana, hapo una kitu cha kuzungumzia.

Tazama pia stempu iliyobandikwa. Posta ya melini kwa kawaida iliuza stempu za Ujerumani kwenyewe, zenye sura ya Germania, mwanamke anayewakilisha Ujerumani, si zile za koloni. Baharia aliyeshuka nchi kavu na kutia barua yake sanduku la mjini alipata muhuri wa DARESSALAM kama mtu mwingine yeyote.

"Barua za Königsberg za Afrika Mashariki ni nyingi, maana ilikaa huku mwaka mzima."

Ilikaa, lakini haikukaa kwa amani. Ilifika mwanzoni mwa Juni na ikatoka bandarini jioni ya 31 Julai 1914, vita vikiwa mlangoni. Barua za kawaida kutoka huku ni za muda usiotimia miezi miwili. Baada ya hapo meli ilikuwa vitani au mafichoni. Tarehe 6 Agosti iliikamata City of Winchester, meli ya Waingereza yenye shehena ya chai, karibu na pwani ya Oman. Alfajiri ya 20 Septemba iliingia Zanzibar ikaikuta manowari ya Waingereza, HMS Pegasus, imetia nanga ikitengenezwa, ikaizamisha kwa mizinga. Waliokufa ni zaidi ya 30, na makaburi ya baadhi yao yapo kisiwani Chapwani.

Kisha mitambo yake nayo ikaharibika, ikajichimbia kwenye mikono ya Rufiji, karibu na Salale. Vipande vya mitambo vilikokotwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam na kurudishwa tena. Waliovuta mzigo huo kwenye tope na mchanga ni wapagazi Waafrika, na inaniuma kwamba historia za meli hii huwapa mstari mmoja, au hata huo wakaukosa.

"Jina Königsberg kwenye bahasha ni hakikisho kwamba inatoka Rufiji."

Zilikuwepo meli tatu za jina hilo. Ya pili ilishushwa majini Desemba 1915, miezi michache baada ya ile ya kwanza kufa Julai, na baada ya vita ikapewa Wafaransa walioiita Metz. Ya tatu ni ya 1927, ikazamishwa Bergen, Norwei, tarehe 10 Aprili 1940. Bahasha za miaka ya 1930 za meli hii ya tatu ndizo huuzwa kwa hadithi ya Rufiji. Niliwahi kuonyeshwa pia barua "iliyotumwa kutoka melini" Septemba 1915. Muuzaji alisisitiza. Wakati huo hapakuwa na meli ya kutumia barua.

"Waingereza ndio walioilipua."

Waliipiga vibaya, hilo ni kweli. Severn na Mersey, meli zenye kina kifupi zilizoletwa kutoka Malta, ziliishambulia tarehe 6 Julai 1915, zikarudi tarehe 11. Lakini mwisho wenyewe ulitokana na amri ya nahodha wake, Max Looff: ililipuliwa na watu wake. Mizinga yake 10 ikaopolewa na kupigana nchi kavu. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa, mwingine Pretoria.

"Stempu za Vuga zilisafirisha barua za vita."

Zilichapwa 1916 kwenye mtambo wa misheni ya Vuga, Usambara, kwa kuwa stempu zilikuwa zikiisha. Kabla hazijauzwa, meli ya Wajerumani, Marie, ikapenya vizuizi vya Waingereza ikiwa na shehena mpya ya stempu. Zile za Vuga zikafukiwa ardhini zisiangukie mikononi mwa adui, zikafukuliwa baada ya vita na kuuzwa Ujerumani. Ukioneshwa moja kwenye bahasha kama iliyosafiri, rudisha.

Stempu iliyotumika kweli, nami naipenda kuliko zote, ni ya Mafia. Waingereza walikitwaa kisiwa hicho Januari 1915, wakachukua stempu za Kijerumani walizozikuta na kuzigonga G.R. MAFIA, herufi za Mfalme George. Ndani yake utaona meli ya Kaiser yenye dohani mbili, imegongwa muhuri wa adui yake, kwenye kisiwa zilikoruka ndege za kuielekezea mizinga meli ile yenye tatu.