Je, wajua kwa nini Anas wa Ghana anaficha sura kwa shanga?

Mnamkumbuka yule refa msaidizi wa Kenya aliyekuwa aende Kombe la Dunia kule Urusi 2018, halafu siku chache tu kabla ya mashindano akawa hayupo tena? Ilitoka video anaonekana akipokea dola 600 kutoka kwa mtu aliyejifanya mdau wa mpira. Waliotega ile kamera ni timu ya Anas Aremeyaw Anas, mwandishi wa habari za uchunguzi wa Ghana, yule ambae ukimsachi mtandaoni picha zote ni kofia na shanga zinaning'inia mbele kama pazia la mlangoni, sura huioni kabisa. Wengi wanadhani ni mbwembwe za umaarufu. Wala.

Sura ndo mtaji wake. Enzi anaanza aliuza karanga barabarani pale Accra, kama machinga wengine, ili aone kwa macho yake polisi wanavyowakamua wauzaji. Baadae akajifanya mgonjwa akalazwa hospitali ya magonjwa ya akili hapo hapo Accra, kamera kaificha kwenye nguo. Sasa we fikiria kila mtu anaijua sura yako, hizo karanga utamuuzia nani, si askari akikuona tu anakununua kwa bei halali na risiti juu.

Ila hapo ndo linakuja swali gumu ambalo hata waandishi wenyewe wanagombana nalo: inakuwaje mtu ambae kazi yake ni kusema ukweli anaruhusiwa kudanganya jina, kudanganya kazi, kumrekodi mtu bila kumwambia?

Vyombo vingi makini vina masharti. BBC kwa mfano, hawaruhusu uingie na kamera ya kificho kwenda "kuvua samaki", yaani unaenda tu kujaribu bahati ukiona chochote unarekodi. Lazima uwe na dalili za msingi kwanza kwamba huyo mtu anafanya uovu, jambo liwe na maslahi kwa umma na sio umbea wa chumbani kwake, na njia ya wazi iwe haiwezi kukupatia huo ushahidi. Ukishamaliza unampelekea mtuhumiwa tuhuma zake ajibu kabla hujarusha.

Kwenye makaratasi safi. Kazi iko kwenye pesa.

Angalia tofauti hii. Kwenye karanga Anas hakumpa mtu kishawishi chochote, alisimama na sinia lake akasubiri, anayekuja kudai chochote kaja kwa miguu yake. Lakini kwenye ile filamu ya 2018, ile ile iliyomnasa refa wa Kenya, Kwesi Nyantakyi, bosi wa mpira wa Ghana wakati huo, aliwekewa dola 65,000 na watu waliojifanya matajiri wanaotaka kudhamini ligi, akaonekana anazitia kwenye mfuko mweusi wa plastiki, eti hela ya shopingi. Yeye alikana kosa, ila akajiuzulu, na FIFA wakamfungia maisha, adhabu ambayo baadae ilipunguzwa ikawa miaka 15. Hapo je, umemkamata mwizi au umemtengeneza? Huku kwetu Tanzania Takukuru, wale wa kupambana na rushwa, wanatega kwa noti walizoziwekea alama lakini wao wana sheria nyuma yao, na kawaida kuna mwananchi kaja kulalamika kwamba kaombwa. Mwandishi hana hiyo sheria.

Mi binafsi naona kama mtu ameanza kuomba mwenyewe, mtege tu. Ile kazi ya Anas ya 2015 ya kuwanasa majaji na mahakimu 34 wa Ghana, wengine wanahongwa mpaka mbuzi (mbuzi jamani, mahakamani!), siwezi kuilaumu, na zaidi ya 20 walipoteza kazi. Ila ukimlundikia mtu mpunga ambao hajawahi kuuota halafu unasema huyu mla rushwa, napata ukakasi kidogo, hata kama kazichukua kweli. Na sio mimi tu, 2023 jaji mmoja wa Ghana, akitupilia mbali kesi ya kashfa ambayo Anas alimfungulia mbunge Kennedy Agyapong, alisema anachofanya Anas sio uandishi wa uchunguzi, ni ugaidi wa uchunguzi. Maneno mazito hayo. Na zile shanga zenyewe zikageuka ubishi kwenye kesi ya Nyantakyi, maana mshtakiwa nae ana haki ya kumuona anayemshuhudia.

Sasa kwa nini asizivue tu yaishe? Kwenye timu yake alikuwepo Ahmed Hussein-Suale, mmoja wa walioifanya ile kazi ya mpira. 2018 huyo huyo mbunge alionyesha picha za Ahmed kwenye tivii, akataja anapokaa, akasema wakimuona wampige, atalipa yeye. Tarehe 16 Januari 2019, Ahmed akiwa ndani ya gari lake maeneo ya Madina, Accra, walitokea watu na pikipiki wakampiga risasi, akafa. Mbunge alikana kuhusika. Kwenye zile picha za tivii Ahmed hakuwa na shanga.