Pinboli: Kamari au Ustadi?

Wengi huamini kwamba miji ya Marekani iliipiga marufuku pinboli, mchezo wa mashine ya sarafu ambamo gololi huviringika juu ya ubao ulioinama, kwa woga tu wa wazee wasiopenda vijana wafurahi. Si kweli. Mashine ya miaka ya 1930 haikuwa na vile vibawa vya kupigia gololi; vilikuja mwaka 1947, katika mashine ya Humpty Dumpty ya kampuni ya Gottlieb. Kabla ya hapo mchezaji alivuta springi, akaiachia gololi ya chuma, basi. Labda aitikise mashine kidogo. Mashine nyingine zililipa fedha. Kwa hiyo Meya Fiorello La Guardia alipoanza kuzikamata New York Januari 1942, polisi wakizivunja kwa nyundo, alikuwa na hoja. Kosa, kwa maoni yangu, ni kwamba mashine ilibadilika na katazo likabaki palepale hadi 1976.

Dhana nyingine: ukitumbukiza sarafu na bahati ikiwemo, tayari ni kamari. Kwa kawaida sheria za Marekani hutafuta mambo matatu kwa pamoja: malipo, bahati na zawadi. Ugomvi huanzia kwenye bahati. Majimbo mengi hupima kipi kinazidi, ustadi au bahati. Mengine hutosheka bahati ikiwa na uzito wa kutosha. Mashine ileile huweza kuwa halali hapa, haramu ukivuka mpaka wa jimbo.

Zawadi nayo si lazima iwe fedha. Zipo mahakama zilizohesabu mchezo wa bure kuwa kitu cha thamani, na ndiyo maana mwaka 1960 Gottlieb walitoa mashine inayomwongezea mshindi gololi badala ya mchezo mzima.

Husemwa pia kwamba Roger Sharpe, mwandishi na mchezaji wa pinboli, ndiye aliyeiokoa, alipowaonyesha madiwani wa New York mwaka 1976 njia ambayo gololi ingepita, nayo ikapita, ishara kwamba ni ustadi. Alifanya hivyo kweli, lakini Mahakama Kuu ya California ilikwisha kulibatilisha katazo la Los Angeles mwaka 1974.

Na wanaodhani kesi hizi zimepitwa na wakati waitazame mashine ya kunyakua midoli. Nyingi humruhusu mwenye mashine kupanga ni mara ngapi ukucha ukaze kwelikweli. Mtoto hudhani mkono wake ndio uliokosea. Mpangilio huo ungepaswa kubandikwa kwenye kioo, kwa maandishi makubwa, kabla hajatoa sarafu.