Tetradrakma: bundi wa fedha wa Athene

Sisi tunasema "fedha" kwa madini meupe na kwa pesa pia. Wagiriki wa kale nao walikuwa hivyo hivyo: neno lao la pesa, argurioni, limetokana na jina la madini hayo.

Tetradrakma ni sarafu ya fedha yenye thamani ya drakma nne. Ile ya Athene, mashuhuri kuliko zote, ilikuwa na uzito wa gramu 17 hivi. Drakma moja ilikuwa oboli 6. Wagiriki walieleza kwamba oboli zilikuwa vyuma vya kuchomea nyama, kama vya mishikaki, na sita ndizo zilizojaza mkono. Drakma ni hicho kilichojaa mkononi. Neno dirhamu limezaliwa humo.

Upande mmoja yupo Athena, mungu wa kike mlinzi wa mji, na kofia yake ya vita. Upande wa pili amesimama bundi, mwili ubavu, uso ametukazia kwa macho ya mviringo. Nyuma yake kuna kitawi cha mzeituni na hilali ndogo. Mbele, herufi ΑΘΕ, yaani ya Waathene. Kwetu bundi akilia juu ya paa ni uchuro. Kwao alikuwa ndege wa Athena mwenyewe, na sarafu zenyewe waliziita "bundi".

Kila mji ulikuwa na alama yake: Egina kasa, Korintho farasi mwenye mabawa, Rodo waridi, kwa sababu jina la kisiwa linafanana na la ua hilo. Asiyejua kusoma aliitazama picha akajua nani anaidhamini fedha ile.

Fedha ya Athene ilitoka Laurion, kwenye migodi iliyokuwa kusini mwa mji. Mwaka 483 KK ilipopatikana kwa wingi, kiongozi wao Themistocles aliwashawishi wananchi wasigawane, wajenge manowari. Mwaka 480 KK manowari hizo zikawashinda Waajemi huko Salamis, kisiwa kilicho karibu na Athene. Nami siwezi kuisifu sarafu hii bila kuwataja watumwa walioingia kwenye mashimo yale membamba kuichimba.

Bundi wengi waliookotwa Misri na Shamu wana mkato wa patasi. Wafanyabiashara wa huko hawakuishia kwenye picha. Walikata waone kama ni fedha hadi ndani. Na walikuwa na haki: vita vilipoibana Athene, mwaka 406 KK, mji wenyewe ulitoa sarafu za shaba zilizopakwa fedha.